Tusi Lililojibiwa

Siku mlango wa ofisi ulipojifunga wenyewe na kunizuilia ndani kwa kosa la kumtukana Osmund Gama, ndiyo siku bonde letu lilipopona. Watu hupenda kusema niliona mbali. Sikuona mbali hata kidogo. Nilizuiliwa na mlango, nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Asubuhi yake haikuwa ya kucheka. Nilikuwa nimeketi mbele ya Mkalimani, nasoma maneno yaleyale niliyoyasoma msimu mzima:

NANASI: TUSI. MWEKUNDU: TUSI. NANASI: KITISHO. MWEKUNDU: TUSI KUBWA. HALI: VITA.

Mkalimani ni mtambo wa kiwanda chetu cha Luhoma. Ana nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimechomekwa ndani ya miwa katika kila kitalu, toka ukingo wa mto hadi chini ya milima ya Udzungwa. Kuvu wanaoozesha miwa hawana midomo, lakini si wakimya. Wanatoa harufu, sumu na rangi, na kila mmoja humsikia mwenzake kwa vitu hivyo. Nyuzi zinanusa, mtambo unapima, kisha unaandika kwa Kiswahili. Kiswahili lilikuwa agizo la wakubwa. Walisema wamechoka kuangalia mistari inayopanda na kushuka, wanataka maneno.

Nanasi tulimpa jina hilo kwa sababu muwa aliouingia, ukiuchana, unanukia nanasi lililoiva. Harufu tamu, kazi chafu. Anapenda mbegu: unafukia kipande cha muwa, unasubiri kichipue, hakichipui, ukikifukua kimeoza cheusi ndani na kinanukia vizuri kuliko wewe. Mwekundu ni mbaya zaidi. Yeye anakaa ndani ya shina na muwa unabaki mzuri machoni, majani mabichi kabisa, mpaka siku unapouchana ukute nyama nyekundu yenye mabaka meupe na harufu ya pombe iliyochacha. Muwa wa hivyo hautoi sukari, wala spiriti ya kuendeshea treni.

Na sheria ilikuwa inajulikana. Bonde ambalo mashina yake yameoza kupita kiwango, Mamlaka inalizika. Kulizika maana yake miwa yote inang'olewa na kuchomwa, ya kiwanda na ya wakulima wa nje, na hapandi mtu mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka huo aanze shule. Sisi tulikuwa tumebakiza kidogo sana.

"Leokadia," akasema Bi. Mwajabu Kitundu nyuma yangu. Ndiye mkurugenzi wetu, na macho yake yalionyesha hajalala. "Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi ni sisi. Tembo mmoja tuna uwezo wa kumwua. Kwa nini unanichelewesha?"

"Sikucheleweshi, Mkurugenzi. Nafikiri."

"Fikiri ukiwa umeshaweka kiganja."

Kiganja changu ndicho kilichokuwa kinasubiriwa. Ndege nyuki, zile ndogo zisizo na rubani, zilikuwa zimejazwa Mfagio, zimepangwa uwanjani, na jioni upepo ukitulia zingeruka. Lakini bila kiganja cha daktari wa mimea juu ya kioo, haziwashi hata taa.

Mfagio ni kuvu wa kutengenezwa. Anakula Nanasi tu. Anahama mwenyewe kutoka muwa hadi muwa, anavuka mto bila kubebwa, na akishaachiwa, humrudishi. Mwekundu hatukuweza kumtengenezea wa kumla, kwa sababu anabadili ngozi kila masika. Kwa hiyo tulipiga hesabu ya mlango: Nanasi anatoboa shina, Mwekundu anapita kwenye tundu, basi mwondoe mtoboaji. Hesabu nilizifanya mimi mwenyewe, na zilikuwa nzuri.

"Na Wavuni umeona," akaongeza. "Amani tupu."

Wavuni ni kitalu kimoja tulichokifunika kwa wavu mzito, tukamwachia Mfagio humo kwa majaribio. Tangu Nanasi afe mle, Mkalimani alikuwa anaandika neno moja kila siku: AMANI. Hakuna aliyekwenda kuchana muwa kuhakikisha. Ilikatazwa, maana jeraha la muwa lingeweza kumtoa Mfagio nje kabla ya ruhusa, na zaidi ya hapo, nani anachana muwa uliokwisha kusemewa na mtambo?

Nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kuweka kiganja haraka. Mama yangu mdogo, Skolastika, analima miwa ng'ambo ya mto. Jumapili alinipigia simu.

"Mwanangu, mwaka wa pili huu napanda harufu," alisema. "Hilo dubwana la nanasi mtaliua lini?"

"Mwezi huu, Mama Mdogo."

"Uniahidi."

Nikamwahidi.

Basi kwa nini mkono ulikuwa mzito? Kisichorudi kinanitisha, hilo tu. Kumwua kiumbe katika bonde zima, mashamba ya watu ambao hata hawakuulizwa, kwa sababu hesabu yangu ni nzuri! Bi. Mwajabu alinipa mpaka upepo utulie, akatoka.

*

Osmund Gama aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Yeye ndiye mkuu wa ndege nyuki, na ufunguo wa Wavuni ulikuwa kwake. Ni Mngoni wa Peramiho, mimi ni Mhehe wa Iringa, makabila yaliyopigana zamani na sasa ni watani, na kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazini hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu.

"Mla mbwa!" akasema. "Hicho kiganja bado umekikalia? Umekitia chumvi, unataka kukila?"

"Kaa kimya, mtumwa wangu. Babu yako alikuja akikimbia kutoka kusini bila kugeuka nyuma, ndiyo maana wewe unataka kurusha vitu kabla ya kufikiri."

"Tulikuja kuwatafuta nyinyi mtupikie."

"Mkatukuta, mkarudi mnachechemea. Kaa nikupe chai."

"Chai ya Mhehe? Nitajuaje sufuria hiyo jana ilibweka au haikubweka?"

Nilimtupia kalamu. "Wosia wangu nimeshaandika. Nikifa, usiguse jeneza langu."

"Nitalikalia! Nikuue mimi mwenyewe leo, kesho nilikalie, na ndugu zako hawakuziki mpaka wanipe jogoo."

Mlango ukajifunga kwa kishindo. Taa nyekundu ikawaka darini.

TAHADHARI, ikasema sauti. UGOMVI KAZINI. TUSI. TUSI. TUSI. KITISHO CHA KUUA. MLANGO UTAFUNGULIWA HALI IKITULIA.

Tulitazamana, tukaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba mwezi ule wakubwa walimpa Mkalimani na kazi ya ulinzi wa ofisi, ili kubana matumizi. Kila tulipocheka, taa ilizidi kuwaka, maana kelele nayo aliihesabu kuwa ugomvi. Osmund akaweka kidole mdomoni. Nikaziba mdomo kwa kanga. Tukakaa kimya, mabega yanatikisika, machozi yanatutoka, kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake.

Taa ikazimika. Mlango ukalegea.

HALI: AMANI, ikasema sauti.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka.

"Twende basi," akasema Osmund. "Mbona umeganda?"

"Amesema nini?"

"Amani."

"Kwa nini amesema amani?"

"Kwa sababu tumenyamaza, Mhehe wewe."

Nilirudi kwenye kiti. Mkalimani alifundishwa maneno ya ugomvi kutoka mashauri ya mahakama za mwanzo, maelfu kwa maelfu: fulani alimtukana fulani, kisha wakapigana. Kwake tusi ni mwanzo wa ngumi, basi. Nani aende mahakamani kushtaki utani? Kwa hiyo neno hilo hakuwa nalo kabisa. Na sisi tulioishi ndani ya utani tangu utotoni tulisoma VITA, VITA, msimu mzima, tukamwamini.

"Osmund, wewe na mimi tunatukanana kwa sababu gani?"

"Sababu gani tena? Ndiyo heshima yetu. Siku nisipokutukana, ujue nimekukasirikia."

Nikafungua vitalu vyenye vita kali kuliko vyote. Katika kila kimoja nilitafuta jambo dogo: Mwekundu amepanda kutoka pingili ipi hadi ipi. Hakuwa amepanda. Matusi kila siku, na hakuna aliyevuka fundo la mwenzake. Takwimu hizo nilishaziona. Nilidhani wamechoshana kwa kupigana.

Kisha nikafungua Wavuni. Chini ya neno AMANI kuna sehemu tunayoiita kelele, ambamo mtambo hutupa chochote usichokielewa. Sikuwahi kuitazama. Nikaitazama sasa. Ilikuwa alama moja, ya Mwekundu, ileile anayomtupia Nanasi. Ilirudiwa, ikarudiwa, kila mara kwa nguvu zaidi, na baada yake hakuna kitu.

Osmund aliinama juu ya bega langu. Hakuwa na mzaha tena.

"Anatukana peke yake," akasema. "Mtani wake yuko wapi?"

"Tumemwua sisi."

*

"Ufunguo ninao," alisema Osmund tukiwa mlangoni kwa Wavuni, tumevaa mavazi meupe ya kuchomwa baadaye. "Lakini tukikata muwa humu, sote wawili hatuna kazi. Mimi nina watoto, Leokadia. Na ndege zile nimezijaza kwa mikono yangu, nikiamini naliokoa bonde."

"Mimi pia niliamini."

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea, nitaweka kiganja na nitaomba radhi."

Akashusha pumzi. "Mtani ndiye mzikaji. Haya, tangulia, nikuzike vizuri."

Ndani ya wavu miwa ilikuwa ya kupendeza. Mirefu, ya kijani, hakuna jani lililonyauka. Nikiri kwamba nilipoiona nilianza kuona aibu. Niliushika mmoja, nikaukata chini, nikaupasua kwa panga kuanzia kitakoni hadi kileleni.

Ulikuwa mwekundu wote. Kila pingili, kila fundo, na mabaka meupe yamekatiza, na harufu ya pombe iliyochacha ikatupanda puani hata kupitia barakoa. Osmund akapasua wa kwake. Mwekundu. Tukaingia katikati ya kitalu, tukapasua wa huko. Mwekundu, na ndani umeanza kuwa mtupu.

"Mungu wangu," akasema. "Jioni hii tulikuwa tunaipeleka hii kila mahali."

Nilimwita Bi. Mwajabu. Alikuja na hasira zake tangu nje ya wavu, maneno ya kutufukuza kazi ameshayapanga, nikamsikia akiyaanza. Kisha akaingia, naye amevaa vazi jeupe, akaona miwa iliyolala wazi chini. Akachukua panga mkononi mwangu, akaenda mwenyewe kwenye mstari aliouchagua mwenyewe, akapasua mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka akalitupa panga chini.

Tulivua mavazi yale, tukayachoma, tukaenda naye kitalu cha mtoni, penye VITA kubwa. Huko nikamkatia muwa kwa panga safi. Chini ulikuwa mwekundu kama wa Wavuni. Lakini wekundu ulipofika kwenye fundo la tatu ulikomea pale. Palikuwa na utepe mweusi, mwembamba, na ukiinamisha uso unapata harufu ya nanasi. Juu ya utepe huo nyama ya muwa ilikuwa nyeupe na safi. Nilikata kipande cha juu nikampa.

Akatafuna. Juisi ikamtoka pembeni ya mdomo.

"Mtamu," akasema, akauma tena.

"Hesabu yangu ilisema Nanasi anafungua mlango," nikamwambia. "Ni kweli anatoboa. Lakini akishaingia, anakaa mlangoni. Mwekundu akija wanarushiana maneno hapohapo, na maneno hayo ndiyo yanamshikilia. Tukimwondoa, mlango hauna mtu."

"Una hakika?"

"Sina hakika yote, Mkurugenzi."

"Mamlaka inakuja mwisho wa mwezi. Nikiwaambia nimeacha kuua ugonjwa niliokuwa na dawa yake, na wewe ukawa umekosea, bonde linazikwa. Na Nanasi bado ataua mbegu za wakulima. Tuna haki gani ya kuwaachia watu ugonjwa makusudi?"

Lile ndilo swali. Nilimfikiria Mama Mdogo na mistari yake isiyochipua. Nilimwahidi.

"Hatuna haki ya kuwaachia bila kuwaambia," nikasema mwishowe. "Hilo nitalifanya mimi, uso kwa uso. Lakini nikikosea leo kwa kukataa, kesho naweza kukubali. Nikikosea kwa kukubali, hakuna kesho. Kiganja siweki."

Upepo ulikuwa umetulia. Ndege nyuki zilikuwa zinaonekana kule uwanjani, zimejipanga, zinasubiri. Bi. Mwajabu alizitazama, akaupangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Gama," akasema. "Peleka matangi yote kwenye bwela. Yachemshwe mpaka hakuna kitu hai humo ndani. Na Wavuni pachomwe leo leo, wavu na vyote."

"Naam, Mkurugenzi!" Osmund alikimbia. Mngoni yule alikimbia bila kugeuka nyuma, na kwa mara ya kwanza sikumtania kwa hilo.

Niliketi chini juu ya majani makavu nikalia. Sikulia kwa huzuni; ilikuwa nafuu, nafuu tupu, na sioni haya kuisema. Bi. Mwajabu aliketi karibu yangu na kipande chake cha muwa, akanimegea nusu. Tulitafuna mpaka mvuke mweupe ulipoanza kutoka kwenye bwela la kiwanda.

*

Mama Mdogo Skolastika alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Kisha akasema:

"Kwa hiyo mwizi wangu umemwacha."

"Nimemwacha, Mama Mdogo. Ndiye anayemzuia muuaji."

"Na ahadi yako?"

"Nimeivunja. Nimekuja uniseme."

Alinisema. Alinisema vizuri, kwa Kihehe, nami nikainamisha kichwa. Alipomaliza akaniuliza mbegu zake sasa zitaota vipi. Nikamweleza: Nanasi huingia kwenye mbegu kupitia pale ilipokatwa. Tutachovya kila kipande katika maji ya moto, kisha tutaziba ncha zote mbili kwa nta. Kitachipua salama, na muwa ukishakomaa, Nanasi atakuja mwenyewe na kukaa mahali pake. Kiwanda kitaleta mapipa na nta kwa kila mkulima. Bi. Mwajabu alikubali kabla sijamaliza kuomba.

"Akija ukubwani, hauui?"

"Anaudonoa. Hauui."

Mama Mdogo alichomeka jembe ardhini. "Ungeniambia hivyo Jumapili ile, nisingekusema kote huku. Mgeni mwenye tabia mbaya anavumilika, mwanangu, ukijua anakaa chumba gani."

Mamlaka walikuja, wakapasua miwa yao, wakanusa, wakapima. Walikuta uozo upo, na haupandi. Walituandikia kuwa bonde liko chini ya uangalizi. Kwa Kiswahili cha Mamlaka hiyo ni pongezi, na usiku huo watu wa Luhoma walicheza ngoma.

Nami nilimfundisha Mkalimani neno lake. Niliandika: Utani. Matusi baina ya wanaojuana. Usifunge mlango. Hatari ni tusi lisilojibiwa. Mtambo ukauliza utani unaisha lini. Nikamjibu hauishi, mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemzika.

Ilibaki Wavuni. Baada ya moto, Mfagio alikufa wote, lakini vishina vya miwa vina ukaidi wake. Mvua za kwanza zikaleta maotea, machipukizi ya vishina vile, na ndani ya maotea Mwekundu alikuwamo, ameponea ardhini. Nyuzi mpya zikamsikia siku ileile: tusi, halafu kimya. Tusi, halafu kimya. Tuliingia mashambani tukatafuta miwa yenye harufu, tukachukua Nanasi kutoka kitalu cha mtoni, tukampandikiza katika kila shina, tukasubiri. Mama Mdogo alivuka mto kuja kuangalia. Alisema anataka kumwona mwizi wake akifanya kazi.

Kila asubuhi tulikusanyika mbele ya kioo. MWEKUNDU: TUSI. Hakuna jibu. Osmund aliacha hata kunitania, jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Bi. Mwajabu alikuwa anasimama nyuma, mikono kifuani, halafu anarudi kazini kwake.

Asubuhi moja tulikuwa wote wanne pale, chai inapoa.

MWEKUNDU: TUSI.

Tukasubiri. Mama Mdogo akaanza kukunja kanga yake aende zake.

NANASI: TUSI KUBWA.

Ofisi ikalipuka. Bi. Mwajabu Kitundu, mwanamke mwenye haiba yake, alipiga kigelegele. Mama Mdogo alinishika mabega akanitikisa. "Kamjibu!" anapiga kelele. "Mwizi wangu kamjibu!" Tulikuwa tunashangilia tusi, watu wazima na akili zetu, na kelele zetu zilitosha kufunga milango ya kiwanda kizima. Hakuna hata mmoja uliojifunga.

Osmund alijipangusa macho kwa ncha ya shati, akanigeukia.

"Mla mbwa," akasema polepole. "Unalia nini?"

Nami nikamjibu.